Kabla Hujamponda Aliyejitoa

"Walioanza 165, waliomaliza 30. Hao wengine 135 walikuja Kigali kutembea?"

Swali hilo lilitoka kwa jamaa mmoja wa Nakuru tuliyesimama naye kwenye kilima cha Kimihurura, Jumapili ya tarehe 28 Septemba 2025. Tadej Pogačar wa Slovenia alikuwa ametoka tu kuvuka mstari na kuwa bingwa wa dunia wa mbio za baiskeli za barabarani kwa mara ya pili mfululizo. Watu wakacheka, lakini swali halikuishia pale. Lilipanda basi na sisi, likavuka mpaka wa Rusumo, likakigawa kijiwe chetu cha Mabatini, Mwanza, kwa wiki kadhaa. Naandika kwa ajili ya mtu atakayetazama mbio za siku moja za milimani kwa mara ya kwanza, kisha aingie kwenye ubishi akiwa na orodha ya matokeo tu. Orodha hiyo itamwangusha.

Sisi wa Kanda ya Ziwa baiskeli si kitu kigeni kwetu. Shinyanga na Simiyu watu wamekulia juu ya Phoenix. Zimebeba pamba, madumu ya maji, hadi wagonjwa. Mashindano yakitangazwa, pembezoni mwa barabara hapatoshi. Ila mbio zetu nyingi ni za tambarare. Mwenye mapaja na roho ngumu ndiye anayeshinda, na wa mwisho ni wa mwisho kweli. Kwa hesabu hiyo ndiyo tulikwenda Kigali, kwenye mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za barabarani kufanyika Afrika.

Na ubishi ulishaanza kutugharimu kabla hatujasafiri. Fundi baiskeli wetu, ambaye kibanda chake ndicho kijiwe, aliweka kreti ya soda kwamba Remco Evenepoel wa Ubelgiji atampiga Pogačar huko Kigali. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, akalipokea dau. Hakuna aliyeuliza: atampiga kwenye mbio zipi? Tarehe 21 Septemba, kwenye mbio za kushindana na saa ambazo kila mmoja huachiwa peke yake, Evenepoel alimfikia Pogačar aliyekuwa ameondoka dakika mbili na nusu kabla yake, akampita karibu na mwisho. Fundi akadai soda zake siku ileile. Mzee akamwambia, "Tulia kijana, mbio ni Jumapili ijayo." Jumapili ikafika, Pogačar akashinda, mzee naye akadai. Kreti hiyo mpaka leo haijanunuliwa. Mkiweka dau, andikeni ni mbio zipi, maana hiyo ni michezo miwili tofauti. Kwenye ya saa unapambana na mapafu yako na upepo. Kwenye ya barabarani kuna watu wengine 164, kila mmoja na akili zake.

Safari ilikuwa nyepesi kuliko tulivyotishwa. Ziwa tunalivuka sasa kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, halafu ni Geita, Biharamulo, mpaka Rusumo. Hakikisha pasipoti haijaisha muda; hapo ndipo mwenzetu mmoja alipobaki stendi akitupungia mkono. Ukishavuka mto Kagera, gari linahamia kulia na saa inarudi nyuma kwa saa moja. Hili la saa lichukulie kwa uzito. Mbio za wanaume zilianza saa 3:45 asubuhi ya Kigali, ambayo ni saa 4:45 ya Mwanza, na ubishi mwingi wa baadaye ulitokana na watu kulinganisha ujumbe wa simu bila kujua nani anatumia saa ya nani.

Kutazama ni bure. Kinachokuumiza ni chumba, maana wiki ile bei zilipanda kila mahali. Tukalala Nyamirambo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, ambako unaagiza chai na chapati kwa Kiswahili na hakuna anayekushangaa. Shule za mjini zilikuwa zimefungwa na barabara nyingi zimezuiwa, kwa hiyo kila kitu ni kwa miguu. Na Kigali ni vilima vitupu. Aliyekuja na makubazi alinunua raba kabla ya jua kuzama.

Sasa, usimame wapi? Swali hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu utakachokiona ndicho utakachobishania. Njia ya wanaume ilikuwa kilomita 267.5, yenye mipando ya jumla ya mita 5,475. Ukiirundika yote unaukaribia Kilimanjaro kutoka usawa wa bahari. Sehemu kubwa ilikuwa mzunguko wa kilomita 15.1 wenye vilima viwili, kile cha uwanja wa gofu na hiki cha Kimihurura chenye barabara ya mawe, na waliuzunguka mara 15. Katikati ya siku walitoka nje ya mzunguko huo mara moja tu, wakapanda Mlima Kigali, karibu kilomita 6 za kupandisha mfululizo, kisha ukuta mfupi wa mawe wa Nyamirambo, mahali wenyeji wanapoita Kwa Mutwe.

Tukagawanyika. Wengine wakabaki Kwa Mutwe kwa sababu pana sifa na ni karibu na kitanda. Wengine tukaenda Kimihurura. Wa Kwa Mutwe waliona tukio kubwa la siku, ila waliliona kwa dakika chache, halafu wakabaki na simu. Sisi tuliona watu walewale wakipita tena na tena, kila mara wakiwa wamechakaa zaidi. Nikiambiwa nichague tena nitakwenda Kimihurura. Kwenye mbio za namna hii uchovu ndio habari, na huwezi kuuona kwa mtu aliyekupita mara moja.

Nimfundishe mgeni jambo moja la kufanya akiwa pale: asihangaike kutazama kundi zima. Achague jezi mbili au tatu na kuzifuata kila mzunguko. Mizunguko ya kwanza wanapita wametulia, midomo imefungwa, chupa zinapokezanwa. Baadaye vinywa vinafunguka. Halafu mabega yanaanza kucheza kushoto na kulia, jambo ambalo mwendesha baiskeli mwenye nguvu hafanyi, kwa kuwa nguvu yake yote iko kiunoni kwenda chini. Mtu niliyekuwa nikimfuata alikuwa wa jezi moja ya Ulaya ambaye hata jina lake sikulijua. Mzunguko baada ya mzunguko alikuwa mbele kabisa, anakata upepo, nyuma yake wenzake wamejibanza usiwachoshe. Nilimwona mate meupe yamemkauka pembeni mwa mdomo. Mara iliyofuata hakuwa mbele. Iliyofuata tena alikuja peke yake, magari ya timu yanampita na harufu ya klachi iliyoungua, na alipofika kwenye mawe akashika breki, akageuza baiskeli, akateremka taratibu huku akiwapungia watu mkono.

Huyo ni mmoja wa wale 135, na kazi yake ilikuwa imekwisha. Hii ndiyo inayotushinda sisi tuliozoea mbio za tambarare za mtu mmoja mmoja. Timu ya taifa ikileta watu wanane, huenda saba wameletwa kwa ajili ya mmoja, na kila mmoja ana kipande chake: huyu avute kundi mizunguko ya mwanzo, huyu abebe maji, huyu amfikishe bosi mguuni pa mlima akiwa nafasi nzuri. Akishamaliza kipande chake, kufika mwisho hakumpi kitu. Mbio ni za siku moja, hakuna kesho ya kulinda. Kwenye Tour de France, mbio za wiki tatu, angejikokota afike ndani ya muda ili aanze tena asubuhi. Hapa anapanda gari akaoge. Wengine hata hawajitoi wenyewe, waamuzi huwatoa wakishaachwa mno, wasije wakavurugana na walio mbele kwenye mzunguko.

Jamaa wa Nakuru nilimweleza hayo, akanijibu, "Sawa, lakini Alaphilippe naye?" Hapo alikuwa na hoja. Julian Alaphilippe, bingwa wa dunia wa 2020 na 2021, alijitoa mapema kabisa, tumbo likimsumbua. Wiki mbili tu nyuma alikuwa ameshinda mbio za Québec, Kanada. Ukisoma orodha utaona alama ya kutomaliza, sawasawa na yule aliyevuta kundi mpaka akakauka. Hivyo kabla ya kumpa mtu maksi, tafuta alijitoa kilomita ya ngapi na kwa nini. Kama huwezi kulijibu hilo, nyamaza kidogo, agiza kahawa.

Jumamosi, siku moja kabla, tulikuwa tumewatazama wanawake, na nashukuru tulianza na hao. Kilomita 164.6 kwenye vilima vilevile, halafu akashinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, jina ambalo hakuna mtu kati yetu aliyekuwa amelitaja. Niamh Fisher-Black wa New Zealand akawa wa pili, Mavi García wa Hispania wa tatu. Usiku ule Nyamirambo ilikuwa "bahati, bahati" kila meza. Bahati ipi? Wenye majina makubwa, Demi Vollering akiwemo, walikaa wakitegeana, kila mmoja akitaka mwenzake ndiye atumie nguvu kuwafukuza waliotangulia. Vallieres alikuwa kati ya waliotangulia, na kilima cha mwisho kilipofika alikuwa bado na miguu. Kuwa mbele kabla ya wakubwa kuamka ni kazi, na inahitaji uamue wakati kila mtu anakuona mjinga. Isitoshe, mashindano ya dunia hayana redio za masikioni, hivyo hakuna kocha wa kukunong'oneza nani yuko wapi. Unaukisia umbali kwa ubao unaoonyeshwa barabarani na kwa macho yako.

Jumapili mambo yakawa kinyume: mwenye jina kubwa kuliko wote ndiye aliyechomoka mapema kuliko wote. Simu zikaanza kuita kutoka Kwa Mutwe. "Kaondoka! Kaondoka!" Zilikuwa zimebaki takriban kilomita 104. Mzee wa malori akatuma ujumbe kutoka Mwanza kwamba Pogačar amelewa sifa, atakatika. Mwaka 2024, kwenye mashindano ya dunia ya Zürich, alichomoka zikiwa zimebaki kilomita 100 hivi na watu wakasema hayohayo, na akashinda. Waliomfuata Mlima Kigali ni Juan Ayuso wa Hispania na Isaac del Toro wa Mexico. Ayuso hakudumu. Del Toro alidumu mpaka zilipobaki kilomita 66 hivi, kisha Pogačar akabaki peke yake.

Hapa ndipo palipozaliwa ubishi mkali kuliko wote, ule wa kwenye basi. Hao watatu, kwa mwaka ule mzima wa 2025, walikuwa wanalipwa na timu moja, UAE Team Emirates. Kwenye mashindano ya dunia wanavaa jezi za nchi, lakini mshahara hauvai jezi ya nchi. Je, Del Toro alimkatia upepo mwajiriwa mwenzake? Nusu ya basi ilisema ndiyo. Mimi nasema angalia alichopata: akiwa na Pogačar alikuwa mbele ya kila mtu duniani, na kukaa nyuma kungoja wengine kungempa nini? Alimaliza wa 7. Aliyejaribu kushinda akaishia wa 7 na aliyejificha akaishia wa 7 wanaandikwa mstari uleule, na mimi siwapi maksi sawa.

Halafu Evenepoel. Aliingia kwenye shimo, siti ikashuka, misuli ya nyuma ya paja ikaanza kumbana kabla hata Mlima Kigali haujaisha. Akabadilisha baiskeli. Ile ya pili nayo haikumkaa, akasimama pembeni kungoja ya tatu, mikono hewani, amefura. Alirudi kwenye kundi, akawaacha wote, akamaliza wa pili kwa tofauti ya dakika 1:28. Ben Healy wa Ireland akawa wa tatu, dakika 2:16 nyuma ya mshindi, na Mattias Skjelmose wa Denmark wa nne.

Tuliporudi Mabatini tulimkuta fundi ameshachora hesabu kwa chaki kwenye bati la kibanda: muda aliopoteza Evenepoel akibadilisha baiskeli, ukitoa 1:28, jibu ni ushindi wa Ubelgiji na kreti ya soda. Dogo mmoja anayesoma chuo akampinga kwamba siti kushuka ni kisingizio, mtu mwenye miguu yake anapanda tu. Fundi hakujibu. Alichukua spana, akalegeza nati ya siti ya baiskeli ya dogo mwenyewe, akaishusha kama vidole viwili, akaikaza, akamwambia, "Nenda Bugando, urudi." Kilima cha Bugando tunakijua wote. Dogo akaenda. Aliporudi alikuwa akitembea ameisukuma baiskeli, mkono mmoja unasugua paja juu kidogo ya goti, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Rudisha siti yangu." Magoti yakibaki yamekunjwa, mguu haunyooki kwenye pedeli na misuli mingine kabisa inalazimishwa kufanya kazi isiyo yake. Kwa dakika kumi tu dogo aliipata, na Evenepoel alikuwa tayari na zaidi ya kilomita 150 miguuni.

Hivyo fundi alishinda hoja ya siti. Hoja ya chaki aliishindwa, na aliyemshinda ni mzee wa malori, ambaye hakuwahi kupanda baiskeli ya mashindano. "Ukiwa na mzigo na barabara nzima ni yako," alisema, "unakanyaga kiasi unachohitaji." Mtu aliye mbele peke yake anaendesha kwa kuangalia pengo. Likipungua anaongeza, likikua anapumzika. Zile 1:28 ndizo Pogačar alizoona zinatosha siku hiyo. Evenepoel angekuwa jirani zaidi, huenda tungeona kanyaga nyingine. Na walio nyuma nao wana tatizo lao, nani avute? Ukikata upepo kwa ajili ya Healy, Healy atakushukuru kwa kukuacha kilimani. Kwa hiyo huwezi kutoa dakika za hapa na kuzijumlisha kule, maana ukigusa kitu kimoja kila mtu barabarani angeendesha tofauti. Je, bila shimo lile Evenepoel angeshinda? Sijui, na aliyeniambia anajua nimeacha kumsikiliza. Ninachokijua ni kwamba mtu aliyebadilisha baiskeli mara mbili akawa wa pili aliendesha mbio kubwa mno, na hilo halihitaji chaki.

Ubishi ulioniudhi ni wa Waafrika. "Nyumbani kwetu, na hakuna hata mmoja kwenye kumi bora!" Watu wakamrukia Biniam Girmay wa Eritrea kana kwamba amewaibia. Girmay, 2024, alishinda hatua tatu, yaani mbio za siku tatu, za Tour de France na jezi ya kijani. Jezi ya kijani ni ya watu wa mbio za kasi za mwishoni. Kumdai ashinde kwenye mita 5,475 za kupandisha ni kumdai mkimbiaji wa mita 400 medali ya marathoni. Na vijana wa Rwanda na majirani zao? Hatua za Tour du Rwanda ni fupi mno ukilinganisha na kilomita 267.5. Mwili ambao haujazoeshwa saa 6 za ushindani hauwezi kuzizoea siku ya mtihani. Na Kigali iko juu, karibu mita 1,500 na zaidi, lakini hewa nyepesi haimpi mwenyeji chochote kama mgeni naye amekwenda kuzoea milimani wiki kadhaa kabla, na timu tajiri hufanya hivyo. Pale Kimihurura Wanyarwanda walilijua hilo kuliko sisi. Kijana wao alipopita ameachwa kabisa, walimpigia "Komera!", yaani jikaze, kwa sauti kubwa kuliko waliyompigia Pogačar, na hakuna aliyemuuliza nafasi yake.

Mazoezi mazuri ya macho, kama unataka kujipima, ni mbio za Montréal za tarehe 14 Septemba 2025, wiki mbili kabla ya Kigali. Matokeo yanasema: wa kwanza Brandon McNulty, wa pili Pogačar. Soma hivyo tu utabisha mpaka usiku kwamba McNulty ni mpanda milima bora. Ukitazama picha za mwisho utaona wawili hao wa timu moja wanafika pamoja, wengine wako mbali, na Pogačar anamwachia mwenzake. Nilipowaonyesha kijiweni kwanza karatasi, kisha video, palikuwa kimya kwa muda ambao sijawahi kuusikia pale.

Na ni Montréal hiyohiyo ambako mashindano ya dunia yanakwenda Septemba 2026. Ni mji wa vilima pia. Wako nyuma yetu kwa saa 7, kwa hiyo tutatazama jioni hadi usiku. Anayetaka kukaa nasi aje na chaja na aje amekula. Fundi ameshamtaja mtu wake, mzee wa malori naye wake, na dau safari hii limeandikwa kwenye daftari la madeni ya spea: mbio za barabarani, wanaume, Jumapili, kreti mbili, pamoja na ile ya Kigali.